Nani Aliwaambia Gitaa Lina Umri?

Wasee, kuna kitu nakisikia sana hapa Garsen, na nikishuka Malindi nakikuta huko pia. Mtu ana miaka 28, mwingine 31, na ako na gitaa nyumbani. Limesimamishwa nyuma ya kabati, uzi mmoja umekatika, vumbi limeshika mpaka kwenye tundu. Ukimwuliza anacheka: "Aah, hiyo nilikuwa napiga form three. Nikaacha, nikarudi kidogo wakati wa corona, nikaacha tena. Sasa si nishazeeka."

Amezeeka. Na miaka 31!

Hii imani ati gitaa lazima ulianze ukiwa mdogo, na ukiliacha basi umepoteza nafasi, mimi nadhani tumeipata kwenye simu. Unafungua video, mtoto wa miaka 6 wa nchi ya mbali anakimbiza vidole juu ya nyuzi kama panya kwenye dari, na wewe unajilinganisha naye. Huyo mtoto ana mwalimu wa kulipwa, ana chumba chake na ana mzazi wa kumpeleka darasani kila Jumamosi. Hiyo ni njia moja ya kujifunza. Lakini si njia iliyoleta gitaa Kenya. Hapa kwetu gitaa lilishikwa na watu wazima, wenye kazi, wengine wakiwa na magwanda ya jeshi. Walilijifunza kwa kuiba, yaani kwa kusikiliza mwenzako na kuchukua. Wakaliweka chini maisha yalipobana, na baadhi yao wakalirudia wakiwa na mvi. Nataka tupitie hiyo historia polepole kidogo, kwa sababu nafikiri wengi wetu tunaaibika na kitu ambacho wazee wetu hawakukionea aibu hata kidogo.

Tuanze na mtu wa Pwani. Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 upande wa Kilifi, Mgiriama. Kama jina hulijui, muulize babu yako, halafu kaa chini maana hatanyamaza upesi. Huyu ndiye mwenye "Tausi", ile ngoma ambayo kila bendi ya hoteli kuanzia Diani mpaka Watamu lazima iipige. Pia anatajwa kuwa kati ya Wakenya wa kwanza kabisa kurekodi na gitaa la umeme.

Sasa angalia alivyoingia. Vita vya Pili vya Dunia vinaanza, Waingereza wanakusanya vijana wa Afrika Mashariki kwenye jeshi la KAR. Wengi wao wakapelekwa Asia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, kwenye bonde la Kabaw, matope na malaria na risasi za Wajapani. Jeshi likagundua kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kukaa bweni anakijua: watu wakikaa mbali na nyumbani bila muziki, wanaharibika kichwa. Wakaunda kikosi cha burudani, wanamuziki wa kuwachangamsha wanajeshi, na Fundi Konde alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama kidogo. Tumezoea kuambiwa kwamba askari walirudi kutoka vitani na mawazo ya uhuru, na ni kweli. Lakini walirudi na kitu kingine. Walikuwa wamekaa kambi moja na Waganda, Wanyasa, Wajaluo, Watanganyika, Wahindi na Waingereza. Walikuwa wamesikia rumba za Kuba kwenye santuri, dansi za Kizungu na nyimbo za Kihindi. Mtu mzima mwenye masikio yaliyojaa nyimbo za kwao, sasa anaongezewa dunia nzima juu yake. Hakuna mwalimu aliyemwambia, "Wewe umechelewa, ungekuja ukiwa na miaka 6."

Vita vikaisha. Kampuni za santuri zikaona kuna wateja Waafrika wenye mshahara na hamu ya kusikia lugha yao. Fundi Konde akaanza kurekodi, na kazi zake zinazojulikana zaidi ni za kati ya 1947 na 1956. Zisikilize leo. Hazina haraka. Gitaa linazungumza kwa upole, Kiswahili ni cha Pwani safi, na sauti inakaa juu ya muziki kama mtu aliyeegemea mnazi. Hakuna hata sehemu moja ambapo anataka kukuonyesha kwamba ana vidole vya kasi. Nikisikia mtu wa miaka 30 ananiambia vidole vyake ni vizito, humtumia "Tausi" kwa simu na kumwambia anionyeshe hiyo kasi iko wapi humo ndani.

Halafu zamani zikabadilika, kama kawaida. Miaka ya 60 ikaja na twist. Nairobi ikawa na akina Daudi Kabaka na "Helule Helule", ngoma ambayo kikundi cha Uingereza, The Tremeloes, waliichukua na kuirekodi mwaka 1968 ikapendwa kwao. Wakaja Wakongo na magitaa matatu, solo, rithim na besi, na hapo mtindo wa zamani ukaonekana wa wazee. Fundi Konde akapotea masikioni mwa watu. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa la kwenye kipindi cha zilizopendwa, Jumapili mchana, mzee akikaanga samaki.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Them Mushrooms, wale vijana wa Pwani walioanza mwaka 1972 na baadaye wakatupa "Jambo Bwana", walimfuata mzee na kurudia naye nyimbo zake studio. Mwaka 1994 rekodi zake za kale zikakusanywa na kutolewa upya kwenye albamu moja. Piga hesabu mwenyewe. Amezaliwa 1924, mwaka ule ana miaka 70. Mtu wa miaka 70 anarudi kwenye nyimbo alizozipiga akiwa na 25, na watu waliozaliwa baada ya uhuru wanacheza. Akafariki mwaka 2000.

Nikisema "kurudi" kwenye hii posti, nina maana hiyo. Yeye hakurudi kushindana na vijana. Alizirudia nyimbo zake kwa sababu zilikuwa bado zake.

Najua utasema, eeh lakini Fundi Konde alikuwa staa, mimi nilikuwa napiga kodi tatu kwenye CU ya shule. (Kodi za gitaa, si zile za KRA.) Sawa. Basi twende kwa watu wa kawaida zaidi.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930, Katanga, Kongo. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtu aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Alikuwa kijana mwenye gitaa kavu moja, hana bendi wala kipaza sauti. Akarekodi "Masanga", na wimbo ule ukawafanya wapiga gitaa wa nusu ya Afrika wajiulize huyu ana mikono mingapi. Jibu ni kwamba alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene kama besi, na kidole cha shahada kikachukua nyuzi nyembamba, kikiimba sauti yake chenyewe. Ukifunga macho unasikia watu wawili.

Mwaka 1959 Bosco alikuja Nairobi, na kazi iliyomleta ilikuwa matangazo ya Aspro, ile dawa ya maumivu ya kichwa. Ndiyo, matangazo! Mwenzake Edouard Masengo naye alikuja na kufanya kazi ya Coca-Cola. Kwa hivyo mtu akikucheka kwamba unatengeneza video za gitaa ili upate dili ya kampuni ya simu, mwambie hiyo njia ilishapitiwa na wakubwa. Kilichotokea ni kwamba Wakenya wengi wakapata kuwasikia na kuwaona kwa karibu. Magharibi ya Kenya, akina George Mukabi walikuwa wakijenga mtindo wao, gitaa la vidole na chupa ya soda ikigongwa pembeni kushika mdundo. Hawa hawakuwa na vitabu vya noti. Shule yao ilikuwa redio, santuri, na jirani anayejua zaidi yako kidogo.

Sasa kuna mtu mmoja kwenye hii hadithi ambaye wapiga gitaa wa hapa hawamjui, na mimi nampenda sana kwa sababu alikuja kama mwanafunzi. John Low, Mwingereza, mpiga gitaa tayari, mtu mzima. Mwishoni mwa miaka ya 70 alifunga safari mpaka Shaba, Kongo, kuwatafuta wale wazee waliokuwa mastaa miaka ya 50, akina Bosco, Masengo na Losta Abelo, akae miguuni pao ajifunze. Mwaka 1982 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo, Shaba Diary, na mwaka huo huo akachapisha historia ya gitaa la Kenya kuanzia 1945 mpaka 1980. Sehemu kubwa ya tunachojua leo kuhusu nani alipiga nini hapa Kenya, tunakijua kwa sababu mtu mzima mmoja alikubali kuwa mwanafunzi tena.

Inaniuma kidogo, sitaficha. Inaniuma kwamba aliyefunga safari ile alitoka Uingereza, na sisi tulikuwa na babu zetu hapo nje, kwenye mkeka.

Na hapo ndipo nakuja nyumbani, Tana River.

Kama hujawahi kufika, Garsen ni mji mdogo kwenye njia kuu, kama kilomita 110 hivi kutoka Malindi ukielekea kaskazini. Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, unapita hapa ukiwa umechoka, unaelekea kumwaga maji Kipini. Wapokomo wanalima kando ya mto, Waorma na Wardei wanafuga, na ng'ombe na shamba huwa hawakai bila maneno. Mwaka 2012 maneno hayo yaligeuka damu, watu zaidi ya 100 wakafa katika vijiji vya Delta. Halafu kuna mafuriko. Mvua inanyesha huko juu Mlima Kenya na Aberdare, sisi hapa hata wingu hatujaona, na maji yanakuja kutukata barabara. 1997, 2018, 2023, kila mtu ana mwaka wake anaousimulia. Nayasema haya kwa sababu mtu akiniambia "niliacha gitaa", kwanza namwuliza mwaka gani. Mara nyingi jibu lina maji ndani yake. Familia imehamia kwenye mwinuko, gitaa limelowa, gundi imeachia, mbao zimepinda. Hakuna aliyeacha kwa uvivu hapo.

Gitaa lenyewe Pwani ni la siku nyingi. Maeneo ya Rabai na Frere Town, kijiji cha Mombasa ambacho wamishonari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, yanatajwa kati ya sehemu za mwanzo kabisa Kenya ambako gitaa lilisikika. Huku Tana misheni zilifika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ya 19. Golbanti, karibu na Garsen, Wamethodisti walikuwa na kituo chao, na mwaka 1886 mmishonari John Houghton na mkewe waliuawa pale katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza Ngao. Kuna watu husema muziki wetu wa kisasa ulitoka kwa misheni. Mimi naona wanazidisha. Misheni zilileta nyimbo za kitabu na namna fulani ya kupanga sauti, sawa. Lakini masikio waliyakuta hapa. Yalikuwa yameshafunzwa na mwaribe, na kasida, na nyimbo za kazi, na mama anayembembeleza mtoto.

Na huyo mama ndiye kiini cha posti hii.

Mwaka 1963 Kenya inakaribia uhuru na haina wimbo wa taifa. Serikali inaunda kamati ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wanatafuta sauti ya hapa, si kopi ya nyimbo za Ulaya. Wanaipata wapi? Kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, unaojulikana kama "Bee Mdondo Bee". Mzee Meza Morowa Galana, mtu wa Tana River, ndiye anayetajwa kuwa aliwapa wanakamati wimbo ule. Wakautengeneza, wakauwekea maneno mapya, na Desemba 12 bendera ikapanda huku sauti ya akina mama wa kando ya mto ikipigwa na bendi yenye matarumbeta.

Wengi wetu shuleni tulifundishwa majina ya wanakamati. Mama wa Kipokomo aliyeuimba usiku, taa ya koroboi ikififia, hayumo kwenye daftari. Hilo lina mjadala wake, wa haki na malipo, na unastahili posti nzima ya peke yake. Leo nataka tu uone jambo moja. Kila mtoto aliyekulia kwenye vijiji hivi, Idsowe, Wema, Hewani, Ngao, Tarasaa, aliingizwa darasa la muziki kabla hajaota meno. Masikio yake yana umri ule ule alio nao yeye. Kwa hivyo mtu wa miaka 30 anayeshika gitaa tena haanzi sifuri. Vidole ndivyo vinavyoanza sifuri. Masikio yana miaka 30 ya mazoezi, bila likizo.

Hilo ndilo linalomtofautisha na yule mtoto wa miaka 6 wa kwenye video. Mtoto ana vidole, hana nyimbo bado. Wewe una nyimbo mpaka zinakuzidi, vidole ndivyo vinachelewa. Na kati ya hivyo viwili, vidole ndio kitu rahisi. Ngozi ya ncha za vidole inauma wiki mbili tatu, halafu inaota sugu, basi. Ukiacha mwezi sugu inapungua, ukirudi inaota tena. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Kumbukumbu ya wimbo haioti kwa wiki tatu.

Kosa ninaloliona kwa watu wanaorudi ni kwamba wanarudi pale pale walipoachia. Wanafungua simu, wanatafuta somo la kwanza, wanapewa wimbo wa Kimarekani ambao hawajawahi kuuimba hata bafuni, na kodi ya F, ile ya kulaza kidole kizima juu ya nyuzi zote sita. Siku tatu wamechoka. Sasa fikiria ungeanzia upande wa pili. Chukua wimbo unaoujua tangu ukiwa mgongoni mwa mama. Utafute uzi kwa uzi, noti moja moja, bila kodi yoyote. Ule wimbo wa taifa, ukiusikiliza bila maneno, una huzuni fulani, uko kwenye ile familia ya sauti ambayo wapiga gitaa wanaiita maina. Na kodi rahisi kuliko zote kwenye gitaa ni E maina, vidole viwili tu. Yaani sauti ya kwetu na mkono wa mwanafunzi vinakutana pale pale.

Rafiki yangu mmoja wa Minjila, mwalimu wa msingi, 32, alifanya hivyo mwaka jana. Gitaa lake lilikuwa na historia ya kuachwa mara nne. Nyuzi aliagizia basi la kutoka Mombasa, maana hapa Garsen utapata nyuzi za kufungia mzigo, za gitaa huna. Akawa anakaa barazani jioni, dakika kumi na tano ishirini, anatafuta ile sauti ya kubembelezea. Siku moja mama yake anapita na ndoo, hakusimama hata, akasema tu:

"Hapo panashuka, baba. Hapapandi."

"Wapi, mama?"

"Hapo mwisho. Sisi tulikuwa tunaishusha. Ya redio ndiyo inapanda."

Akaweka ndoo chini, akaiimba. Jamaa hakuwa amemsikia mama yake akiimba kwa miaka. Mama akamwimbia na nyingine, ambayo yeye hakuwahi kuijua kabisa, ya wakati wa mavuno ya mpunga. Sasa ako na nyimbo tatu kwenye simu, amezirekodi kwa sauti ya mama, na anazitafuta kwenye gitaa moja moja.

Nilipomwambia hiyo ni kazi ile ile John Low aliyosafiri mpaka Kongo kuifanya, aliniangalia kama nimekunywa kitu.

Hebu ona, hilo halingetokea akiwa form three. Akiwa form three alikuwa anataka kupiga solo ya rock ili wasichana wa shule jirani wamwone kwenye funkie. Hana haja na mama yake na nyimbo za mpunga. Ilibidi akue kwanza ndipo wimbo ule uwe na maana. Hiyo miaka ya kupiga na kuacha, kupiga na kuacha, mimi sioni kama imepotea. Fundi Konde alikaa kimya muda mrefu kuliko umri wa wengi mnaosoma hapa, na "Tausi" ilimsubiri.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu mtindo. Jaribu vidole viwili vya Bosco. Unapiga gumba peke yake kwanza, kwenye nyuzi nene, mpaka litembee bila wewe kulifikiria, kama mtu anayetwanga huku anapiga stori. Baadaye kidole cha shahada kinaingia juu. Utachanganyikiwa. Kila mtu huchanganyikiwa, kwa sababu ni mikono miwili ndani ya mmoja. Lakini huo mtindo ulitengenezwa kwa gitaa kavu la bei ya chini na mtu mmoja bila bendi, ambayo ndiyo hali halisi ya Garsen. Hauhitaji umeme, na umeme wa kwetu mnaujua.

Na gitaa litunze. Joto la huku na unyevu wa mto vinakula gundi na kutia nyuzi kutu. Usiliache kwenye gari mchana, usiliegemeze kwenye ukuta wa bati. Likikaa muda bila kupigwa, legeza nyuzi kidogo ili shingo isivutwe ikapinda. Msimu wa mvua, liweke juu kabisa, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya shule na title ya shamba. Wazee wanaocheka wakikuona unalipandisha huko, waache wacheke.

Sehemu ambayo kwa kweli inanikosesha usingizi ni nyingine. Wale mabibi wanaojua kwamba pale mwisho panashuka, wanaondoka. Kila mafuriko yanahamisha kijiji, kila msimu kuna matanga. Vijana wenye vidole vya kasi wamehamia Mombasa na Nairobi. Waliobaki hapa wenye muda wa kukaa barazani dakika ishirini jioni ni hawa hawa wa miaka 28, 31, 40, walimu, bodaboda, makarani wa kaunti, wanaojiambia wamezeeka. Kama si nyinyi, sijui ni nani atakayezitia hizi nyimbo kwenye nyuzi.

Nimeanza orodha. Mpaka sasa nina sauti za akina bibi wanne, wawili wa upande wa Ngao, mmoja Wema, mmoja wa Kiorma kutoka njia ya Witu ambaye nyimbo zake za ng'ombe zina mdundo ambao gumba langu bado linaukimbiza. Kama una mzee nyumbani anayeimba, rekodi kwa simu, mwulize wimbo ulikuwa wa kazi gani, andika jina la kijiji. Kama una gitaa Garsen, Minjila, Gamba, Hola, popote kando ya mto, niambie uko wapi. Na kama kuna msee anashuka Mombasa wiki hii, tafadhali, naomba pakiti mbili za nyuzi za gitaa kavu. Pesa natuma leo.